Mgomba wa Nyuma ya Jiko

Majani ya migomba ya Nasimiyu yalianza kugeuka manjano Desemba ya mwaka 1976, na mwanzoni alidhani ni jua. Jua la kule Bahati, juu ya mji wa Nakuru, lilikuwa kali mwaka huo, hata mahindi ya majirani yalijikunja. Lakini mahindi yalipopata mvua kidogo yaliamka, na migomba haikuamka. Majani yalivunjika shingoni moja baada ya jingine, yakaning'inia kuzunguka shina kama sketi kuukuu, na mashina yenyewe yakapasuka karibu na udongo.

Nasimiyu alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu. Yeye na marehemu mumewe walikuja Bahati kutoka upande wa Chwele, kule magharibi, wakati mashamba ya wazungu yalipogawanywa, na juu ya lori, kati ya vitanda na kuku, alibeba machipukizi ya sukari ndizi, zile ndogo tamu, kutoka kwa mama yake, yamefungwa ndani ya gunia lililoloweshwa maji. Watu walimcheka. Huku ni nchi ya mahindi na pareto, walimwambia. Yeye alichimba mashimo yake akanyamaza. Baada ya miaka michache kila mtu alimjua kama Mama Khaemba wa ndizi, kwa jina la mwanawe wa pekee, na kila Jumamosi alishuka Nakuru na vikapu viwili, akarudi navyo vitupu.

Bwana shamba Kimaiyo alikuja kwa pikipiki. Alikata shina moja kwa panga, akamwonyesha ndani: mahali palipopaswa kuwa peupe palikuwa na duara za rangi ya kutu.

"Huu ugonjwa unakaa kwa udongo, mama," alisema. "Hauna dawa."

"Hata ya kununua?"

"Hata ya kununua. Chimba yote, uchome hapo hapo. Usitoe chipukizi hata moja nje ya shamba hili. Panga na jembe pitisha kwa moto."

"Na nikishachoma, nipande zingine?"

Kimaiyo aliangalia viatu vyake vilivyojaa udongo, akavikung'uta kwa nguvu juu ya jiwe kabla ya kujibu. "Si hapa. Panda mahindi. Ndizi za aina hii zikirudi hapa zitakufa tena, hata akizipanda mjukuu wako."

Nasimiyu alichoma. Moshi wa migomba mibichi ni mzito na unanuka vibaya, na ulikaa juu ya boma lake kwa siku nyingi. Lakini nyuma ya jiko, mahali alipozoea kumwaga maji ya vyombo, palikuwa na shina moja na machipukizi yake, kijani kabisa, halina hata jani moja lenye doa. Kimaiyo alikuwa ameuonyesha huo mgomba kwa kidole: na ule pia. Nasimiyu alikuwa amejibu, "Kesho."

Jumamosi iliyofuata alishuka mjini mikono mitupu kuwaambia wateja wake. Mteja wake wa zamani kuliko wote alikuwa Shakuntala, mke wa Praful mwenye duka la dawa. Nyumba yao ilikuwa nyuma ya duka. Shakuntala alimkaribisha chai jikoni, akamsikiliza akitikisa kichwa. Pale mezani, akisahihisha madaftari ya wanafunzi, aliketi binti yao Bhanu, mwanamke wa miaka thelathini hivi aliyefundisha biolojia katika sekondari moja ya wasichana. Alikuwa amesomea mambo ya mimea Delhi kwa miaka mingi.

"Yote imekufa?" Bhanu aliuliza.

"Yote, mwalimu. Imebaki mmoja tu nyuma ya jiko. Na huo pia bwana shamba anataka niuchome."

Bhanu aliweka kalamu chini.

Alimpeleka Nasimiyu uani, akafungua mlango wa stoo ambamo zamani ziliwekwa katoni za dawa. Ndani palikuwa na rafu zilizomulikwa na taa ndefu nyeupe za umeme, na juu ya rafu chupa za jemu zilizozibwa kwa pamba. Katika chupa kadhaa palikuwa na vitu vidogo vya kijani vilivyosimama juu ya uji mgumu unaong'aa.

"Haya ni maua tu," Bhanu alisema. "Lakini mgomba nao unaweza. Ndani kabisa ya chipukizi kuna ncha, ndogo kama punje ya mchele. Mara nyingi ugonjwa unakuwa haujafika pale. Ukiitoa hiyo ncha bila uchafu wowote, ukaipa chakula ndani ya chupa, inachipua. Unaikata, zinachipua tena. Mgomba mmoja unaweza kuzaa mia."

"Umeshafanya na ndizi?"

"Nimefanya na maua, na karoti. Ndizi bado."

Nasimiyu alipenda jibu hilo kwa sababu halikumficha kitu. Siku mbili baadaye alirudi na machipukizi matatu kutoka nyuma ya jiko, ameyafunika kwa kanga ndani ya kikapu. Alijua amekiuka amri. Ndani ya basi aliketi na kikapu mapajani, na kila mtu aliyemwangalia alimwona kama anajua.

Bhanu aliyaosha, akaanza kuyamenya. Gamba juu ya gamba lilianguka kwenye ndoo. Chipukizi lililokuwa nene kama mkono wa mtu likawa kama mwiko, kisha kama kidole.

"Unalimaliza lote," Nasimiyu alisema kutoka mlangoni.

"Ninatafuta katikati, mama."

Kilichobaki Bhanu alikilowesha kwenye dawa ya kuua viini, kisha akaingiza mikono ndani ya sanduku la kioo, mahali palipowaka taa ndogo ya spiriti, akakata kwa wembe akishikilia pumzi. Nasimiyu aliona kitu cheupe kisicho na ukubwa wowote kikitiwa kwenye chupa. Aliangalia ndoo iliyojaa maganda, akaangalia chupa, akasema anawahi basi.

Ndani ya wiki moja ukungu ulijaa kwenye kila chupa, mweupe na mwingine wa kijivu, ukafunika vile vipande hata havikuonekana tena. Bhanu alichemsha kila kitu kwenye sufuria ya presha, akamwaga. Hakujua kosa lilikuwa wapi. Pengine dawa ya kuulia viini ilikuwa hafifu, au pamba, au upepo wa Nakuru wenye vumbi jeupe la ziwani linaloingia kila mahali. Alijua tu kwamba anahitaji machipukizi mengine, na kwamba yanapatikana mahali pamoja tu.

Alikwenda Bahati mwenyewe kwa basi. Alimkuta Nasimiyu amesimama nyuma ya jiko na jembe mkononi.

"Bwana shamba amepita jana," Nasimiyu alisema. "Amekasirika. Leo ninauchimba."

"Usiuchimbe kwanza, mama. Tafadhali. Nipe mpaka mvua zikaribie. Angalia vile mgomba ulivyo. Huu ni mzima."

"Na bwana shamba?"

"Nitaongea naye mimi."

Nasimiyu aliegemeza jembe ukutani. Bhanu alirudi mjini na machipukizi mengine, akaanza upya, na shule zilikuwa zimefunguliwa, na mitihani ya majaribio ya kidato cha nne ilikuwa imepangwa, na kila wiki alijiambia kwamba Ijumaa atapita ofisi ya Kimaiyo. Hakupita.

Safari hii alizidisha dawa ya kuulia viini, akachemsha hata pamba. Vipande vingi vilikufa vivyo hivyo. Vilivyobaki vilitoa maji meusi kama wino yaliyotaka kuviua, ikabidi avihamishe kila baada ya siku chache kwenye chakula kipya. Chakula chenyewe kilikuwa sukari, chumvichumvi za kupima kwa mizani ya duka la babake, unga wa mwani wa kugandisha, na maji ya nazi zilizoletwa na treni kutoka Mombasa. Praful alilalamika kwamba nyumba imegeuka jiko la mchawi. Lakini siku ambayo kipande kimoja kilifumuka na kutoa kijani, kisha cha pili, kisha cha tatu, yeye ndiye aliyeita mkewe aje aone.

Mvua za mwaka huo wa 1977 zilikuja na hasira. Bahati nzima iligeuka tope. Maji yalishuka kutoka msituni, yakapita katikati ya boma la Nasimiyu, yakachimba mfereji nyuma ya jiko, pale mgomba ulipokuwa bado umesimama, yakateremka moja kwa moja hadi kwa jirani wa chini, Chepkorir, aliyekuwa na migomba yake mwenyewe kando ya zizi la ng'ombe. Machipukizi ya kwanza Chepkorir alikuwa amepewa na Nasimiyu, zamani, siku za amani.

Mwezi wa Mei jani la chini la mgomba wa nyuma ya jiko lilipata ukingo wa manjano. Nasimiyu aliliangalia siku moja tu. Siku ya pili alichukua jembe, akauchimba huku mvua ikimpiga mgongoni, akaukata vipande. Ndani palikuwa na zile duara za kutu. Aliumwagia mafuta ya taa lita nzima, na bado ulikataa kuwaka.

Alipompelekea Bhanu habari, Bhanu aliketi kwenye kiti cha stoo na kufunika uso kwa viganja.

"Basi mgomba ulikuwa na ugonjwa tangu mwanzo," alisema. "Ulikuwa unajificha."

"Na hizi za chupa?"

"Kama ungekuwemo ndani ya chupa tungeuona. Ile ni nyumba ya sukari. Ukungu wowote ukiingia pale unajaa ndani ya siku chache. Hizi zimekaa miezi na hakuna kitu."

"Kwa hivyo ni safi."

"Naamini ni safi."

"Unaamini," Nasimiyu alisema, "ama unajua?"

Bhanu aliinua chupa moja kwenye mwanga. "Nitajua zikikua kwa udongo."

Mwezi wa Agosti migomba ya Chepkorir iligeuka manjano, kuanzia ile iliyokuwa mdomoni mwa mfereji. Chepkorir alikuwa mwanamke wa maneno machache. Mumewe alikuwa dereva wa trela na nyumbani alionekana kwa nadra, na watoto walikuwa wengi. Alipanda mlima hadi kwa Nasimiyu akiwa na kipande cha shina mkononi, akakitupa miguuni pake.

"Uliambiwa uchome," alisema. "Kila mtu aliona moshi wako, tukasema amechoma. Kumbe ule wa jikoni ulibaki."

"Ulibaki," Nasimiyu alisema.

"Kwa nini?"

Nasimiyu aliinama, akakiokota kile kipande. Chepkorir alimngoja kidogo, kisha akageuka akashuka. Jioni hiyo habari zilifika kwa chifu.

Nasimiyu alikwenda mjini, hakuwa na kikapu wala safari nyingine. Alimkuta Bhanu dukani akimsaidia baba yake, akamwomba watoke nje kidogo. Walisimama kando ya ukuta wa duka, watu wakipita.

"Alhamisi kuna baraza," alisema. "Nimeitwa. Nimekuja kukuambia nisikushtue. Sitakutaja."

"Mama Khaemba, mimi ndiye niliyekuambia ngoja."

"Wewe ni mwalimu. Una kazi ya watu. Mimi nitasema nilichelewa tu, nilikuwa mgonjwa. Mzee mjane, watanifanya nini?"

"Utasema uongo?"

"Nitasema nilichelewa. Hiyo si uongo." Alijifunga kanga vizuri kiunoni. "Wewe angalia chupa. Zikifa hizo, hata haya yote yamekuwa ya bure."

Praful alikuwa amesikia kutoka kaunta. Usiende, alimwambia bintiye wakati wa kula. Hakusema kwa ukali. Yeye alikuwa mtu wa kujipima sana. Alizaliwa Nakuru, akafanya biashara Nakuru, na bado alitembea barabarani kama mtu aliyealikwa. "Watu wa Bahati ndio wateja wangu," alisema. "Wakisikia Mhindi wa duka la dawa ameleta ugonjwa shambani, watasema nini kuhusu dawa zangu? Yeye mwenyewe amesema hatakutaja. Mwache akusaidie."

Shakuntala alikuwa akikunja chapati. Hakumwangalia mume wake.

Bhanu hakulala vizuri siku hizo. Alipofundisha darasani alijikuta amesimama na chaki, amesahau sentensi. Alijaribu kujiambia kwamba hakuna mtu anayeweza kujua kwa hakika ugonjwa ulifikaje kwa Chepkorir. Pengine ulikuwa pale tangu awali. Pengine ulikwenda na panga, au na kwato za ng'ombe. Yote yaliwezekana. Lakini kila alipofikiria mfereji ule, alijua angempa sifuri mwanafunzi wake yeyote ambaye angejibu hivyo.

Alhamisi aliomba ruhusa shuleni, akapanda basi.

Baraza lilikuwa uwanjani mbele ya ofisi ya chifu. Kimaiyo alikuwa ameketi karibu na meza, kofia magotini. Nasimiyu alisimama mbele ya watu na kueleza kwa sauti ya chini kwamba aliambiwa achome na hakuchoma wote, kwamba alichelewa, kwamba anaomba msamaha kwa jirani yake. Chifu alimuuliza kwa nini alichelewa. Alianza kusema juu ya ugonjwa wa miguu.

"Mimi ndiye niliyemzuia," Bhanu alisema kutoka nyuma.

Vichwa vyote viligeuka. Alipita katikati ya watu hadi mbele, na njiani alihisi joto la jua kwenye utosi wake. Alieleza yote: machipukizi, chupa, ukungu, jinsi alivyosema ngoja, jinsi alivyoahidi kumwona bwana shamba na asiende. Hakutumia maneno ya shule.

Kimaiyo ndiye aliyesema kwanza. "Mwalimu, mimi nilizunguka hapa na pikipiki mwezi mzima nikiwaambia watu wachome. Wengine walilia. Niliwachomesha hata hivyo. Na wewe, mtu uliyesoma kunipita, ukamwambia mmoja angoje." Alitikisa kichwa. "Ungekuja ofisini tungeuzungushia huo mgomba mtaro. Ungepata machipukizi yako na maji yasingetoka. Kitu kidogo tu."

Bhanu alikuwa hajafikiria mtaro. Neno hilo lilimuumiza kuliko mengine yote yaliyosemwa siku ile.

"Ulitaka chupa zako," Chepkorir alisema. Alikuwa ameketi kati ya wanawake na hakuinuka. "Mimi nilikuwa nauza mkungu, nanunua daftari. Sasa nitauza chupa?"

"Hapana," Bhanu alisema. "Nimekuja kusema ni kosa langu. Sina lingine."

Chifu aliamua kwamba Nasimiyu atachimba na kuchoma migomba yote ya Chepkorir kwa mikono yake, na kwamba hakuna mtu wa Bahati atakayepanda ndizi za chupa. Nasimiyu alichimba siku nyingi. Bhanu alikwenda Jumamosi na Jumapili kumsaidia, mikono ikamtoka malengelenge, na Chepkorir alipita mbele yao akienda kukamua bila kuwasalimu.

Ikawa Praful alikuwa amesema kweli. Watu wa Bahati walianza kununua dawa kwingine. Asubuhi nyingine alifungua duka, akafuta kaunta, akakaa nyuma yake hadi saa ya chakula bila mtu kuingia. Hakumlaumu bintiye kwa maneno. Siku moja tu alisimama mlangoni mwa stoo, akaangalia zile chupa, ambazo sasa zilikuwa zimejaa rafu nzima kwa kukatwa na kukatwa tena, akasema, "Zitupe, Bhanu. Hakuna anayezitaka."

Bhanu hakubishana naye. Alichukua katoni, akaanza kupanga chupa ndani. Alikuwa amechoka, na moyoni palikuwa na mahali palipofurahi kwamba mtu mwingine amemwamulia. Alikuwa amejaza katoni ya kwanza Shakuntala alipoingia.

"Nimekula ndizi za yule mama miaka kumi," Shakuntala alisema. "Zitapandwa uani. Mahali ninapoanika nguo."

"Mama, chifu amesema—"

"Amesema Bahati. Hapa ni Nakuru, na ni kamba yangu ya nguo."

Praful aliangalia mkewe, akarudi dukani.

Walileta udongo kutoka miteremko ya mlima Menengai, mahali ambapo hapajawahi kuota mgomba. Bhanu aliitoa miche kwenye chupa, akaiosha mizizi, akaipanda kwenye mikebe chini ya karatasi ya nailoni. Mingi ilikufa siku za kwanza; ilikuwa laini mno, imezoea maisha ya chupa, na upepo mmoja tu uliilaza. Iliyobaki ilishika. Mwanzoni mwa 1978 ilipandwa uani, na Shakuntala aliimwagilia kila asubuhi kwa maji ya kusuuzia mchele. Nasimiyu alikuja mara moja kwa mwezi. Alikaa kwenye kigoda, akaiangalia kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa hospitalini, hasemi mengi. Wakati mwingine aling'oa magugu. Aliwahi kumwambia Shakuntala kwamba majani yamekaa kama ya kwa mama yake, yana wekundu ule ule kwenye shingo, kisha akageuza mazungumzo.

Ilitoa mikungu katikati ya mwaka wa 1979. Bhanu alikwenda ofisini kwa Kimaiyo, akagonga, akaingia akiwa amesimama wima kama mwanafunzi.

"Nimekuja kukuomba uje uangalie," alisema. "Nimechelewa miaka miwili."

Kimaiyo alikuja na panga lake mwenyewe. Aliizunguka migomba pale uani, akapapasa majani ya chini, akainama kutazama mashina. Hatimaye akasema lazima akate mmoja. Alichagua ule wenye mkungu mkubwa kuliko wote. Nasimiyu, aliyekuwa amekuja siku hiyo kwa makusudi, alisimama akaenda kukaa ndani jikoni mpaka sauti ya panga ilipoisha.

Ndani ya shina palikuwa peupe. Kimaiyo alikata chini zaidi, akafukua hadi tunguu lililo chini ya udongo, akalipasua. Peupe. Alisugua kwa kidole gumba, akanusa.

"Hii ni safi," alisema. Alimwangalia Bhanu. "Nitamwambia chifu nimeona kwa macho yangu. Lakini nitawaambia watu pia ilitoka wapi, na ilichukua nini. Sitaficha."

"Usifiche," Bhanu alisema.

Kimaiyo alipoondoka, Nasimiyu alitoka jikoni. Aliuangalia mgomba ulioanguka, kisha machipukizi yaliyozunguka ile mingine.

"Basi nipe zangu," alisema. "Nitachukua nne leo. Zingine wiki ijayo."

Bhanu alikuwa akiogopa neno hilo tangu mwaka wa kwanza. "Mama, zitakufa. Udongo wako bado una ugonjwa."

"Nitaweka mbolea. Nitachimba shimo kubwa, nibebe udongo kutoka huku."

"Mizizi itatoka nje ya shimo. Zitakuwa nzuri mwaka mmoja, halafu zitakuwa kama zile."

"Ni za mama yangu, Bhanu." Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina. "Nimezibeba kwa lori. Nimetukanwa juu yake. Nimechimba za jirani mpaka mgongo umekataa kunyooka. Na sasa zimepona, kila mtu anaweza kuzipanda ila mimi."

Shakuntala alileta chai, na chai ikapoa. Nasimiyu aliondoka bila chipukizi, na mwezi uliofuata hakuja.

Aliyekuja kwake, kule Bahati, alikuwa Chepkorir. Ilikuwa mara ya kwanza kuingia langoni tangu baraza. Nasimiyu alikuwa akipura maharagwe. Aliacha fimbo, akamletea kiti. Chepkorir hakukaa.

"Bwana shamba amesema ziko safi, na chifu ameondoa katazo," alisema.

"Ziko safi."

"Nina kipande ng'ambo ya barabara. Ng'ombe ndio walikuwa wanalishwa hapo, hapajawahi kuwa na ndizi. Maji ya kwako hayafiki huko."

Nasimiyu alitikisa kichwa kukubali.

"Nataka za kujaza hicho kipande. Na wewe ndiye utachimba mashimo. Na yule mwalimu alete miche mwenyewe. Sitaki pole za mtu."

"Na zikizaa?"

"Za kuuza ni zangu." Chepkorir aliangalia upande wa jiko, mahali ambapo sasa palikuwa na mahindi tu. "Za kula utakuja kuomba kama mtu mwingine. Sitakunyima."

Walipanda mvua fupi zilipoanza. Praful aliendesha pikapu mwenyewe, miche ikiwa nyuma imefungwa kwa magunia, na alipofika alibaki ndani ya gari kwa muda kabla ya kushuka. Mzee mmoja aliyekuwa akipita na punda alimsalimu kwa jina, akamuuliza kama bado anauza ile dawa ya kikohozi. Praful alisema anauza.

Nasimiyu alichimba. Bhanu aliishikilia miche wima mmoja mmoja huku Nasimiyu akirudishia udongo. Chepkorir alisimama mikono kifuani, akionyesha kwa kidevu mahali pa mstari, na mara mbili aliwafanya wafukie shimo walilokwisha kuchimba kwa sababu lilikuwa karibu mno na njia ya ng'ombe. Hakuna aliyebishana naye. Kufikia adhuhuri walikuwa wamemaliza nusu ya kipande na mawingu yalikuwa yamefunika Menengai.

Nasimiyu aliweka mche mwingine shimoni, akaufunika, akaanza kushindilia udongo kwa kisigino. Chepkorir alisogea karibu, akainama kuangalia.

"Usikanyage sana," alisema. "Utaubana."

Nasimiyu aliondoa mguu. Alipiga magoti, akaanza kuulegeza udongo kwa vidole.